Maji ya Pisini na Mutu Anayeshika Ndoo



Pengine mutauliza: somo la pisini ni la nini kwetu? Wengi kati yetu tunakaa Kenya, Katuba, Kamalondo ao Ruashi. Katika lupango zetu hakuna pisini. Kuna kisima, ao robine, ao bidoni tu. Ni kweli. Lakini pisini ziko ku Golf na katika nyumba nyingi kubwa za muji, na watu wanaozitunza wanatoka kwetu. Ni baba zetu, wajomba zetu na yaya zetu. Asubuhi wanapanda baiskeli ao taksi-basi, wanaenda kufagia, kumwagilia maua, na kutia dawa ndani ya maji. Somo hili tunaliandika juu yao.

Mujomba wa mmoja wetu anafanya kazi hiyo. Siku moja, mwezi wa kumi, maji ya pisini yaligeuka kijani, na patro alikuwa safarini. Mujomba alikuwa na vyombo viwili vilivyokaribia kwisha: ndoo ya unga mweupe wa klori, na bidoni ya asidi ya kuteremusha pH. Ili asifanye safari mbili, alimwanga asidi ndani ya ndoo ya klori. Mara moja ukatoka moshi wa kijani-manjano. Alikimbia, lakini alikohoa siku nyingi na macho yalimuwaka. Kiisha alisema: «Ile yote ni dawa. Dawa na dawa, nani angejua inaweza kuleta mubaya?» Etiketi ya ndoo ilikuwa na onyo, lakini kwa lugha asiyoisoma. Na mwenzetu, anayekula naye bukari kila jioni, alikuwa amejifunza klori darasani mwaka ule ule. Hakumuambia kitu. Hakufikiri kwamba kemia ya ubao na kemia ya ndoo ni kemia moja.

Basi tuisome leo pamoja.

1. KWANZA, UJUE KIASI CHA MAJI

Mutu asiyejua kiasi cha maji hawezi kujua kiasi cha dawa. Tuchukue pisini ya urefu wa mita 8, upana wa mita 4, na kina cha kati cha mita 1,5. Tunazidisha: 8 × 4 × 1,5 = 48 m³, ni kusema litri 48.000. Hizo ni bidoni 2.400 za litri 20.

Katika pisini inafaa klori ibaki kati ya miligramu 1 na 3 kwa kila litri. Kwa kuongeza miligramu 1 tu katika litri 48.000, inatupasa gramu 48 za klori. Lakini unga wa hipokloriti ya kalsiamu si klori tupu. Mara nyingi iko asilimia 65 mupaka 70. Kama etiketi inasema 70, tunagawanya 48 kwa 0,70, tunapata karibu gramu 69. Ni hesabu ya dakika moja. Bila hesabu hii mutu anatia kopo moja leo na makopo matatu kesho, na dawa ya patro inaisha bure.

2. KLORI INAFANYA NINI?

Klori iligunduliwa na Scheele, mwanakemia wa Uswidi, mwaka 1774. Baadaye Mufaransa Berthollet aliitumia kwa kutengeneza maji ya kufanya vitambaa kuwa vyeupe. Kazi ile ilifanyiwa pale Javel, karibu na Paris, na ndiyo maana mupaka leo mama zetu wanasema «javeli». Mwaka 1908 muji wa Jersey City, katika Marekani, ulianza kutia klori siku zote katika maji ya kunywa ya muji, na miji mingine mingi ikafuata.

Klori inaua vijidudu, na tena inachoma uchafu: jasho, mate, majani, vumbi. Lakini ikifanya kazi, inajimaliza. Kwa hiyo tusiulize «tulitia ngapi?» bali «imebaki ngapi?». Ile inayobaki huru ndiyo inayolinda watu. Tunaipima kwa vipande vya karatasi vinavyogeuka rangi, ao kwa matone katika chupa ndogo. Jicho tu halitoshi: maji yanaweza kuwa meupe sawa kioo, na vijidudu vimo.

Jambo lingine linashangaza. Pisini ikinuka «klori» sana na kuchoma macho, watu wanasema dawa imezidi. Mara nyingi ni kinyume. Harufu ile inatoka kwa kloramini, vitu vinavyozaliwa klori inapokutana na jasho na mukojo. Ni kusema klori huru imeshindwa na uchafu. Kuoga mbele ya kuingia kunasaidia kuliko ndoo nzima ya dawa.

3. JUA LINAKULA KLORI

«Tulitia klori asubui, mangaribi haiko tena!» Watunzaji wengi wanasema vile, na patro anafikiri dawa imeibwa. Mwizi ni jua. Miale ya urujuani-juu inavunja klori. Katika jua kali, maji yasiyo na kinga yanaweza kupoteza nusu ya klori kwa muda wa saa moja ao chini ya hapo, na kiisha saa chache inabaki kidogo sana.

Na jua letu si dogo. Lubumbashi iko karibu mita 1.200 juu ya bahari, na nguvu ya miale ile inaongezeka karibu asilimia 10 kwa kila mita 1.000 za kupanda. Kule pwani, Mombasa ao Dar es Salaam, taabu kubwa ni joto lisilopumzika: maji yanabaki ya moto karibu mwaka muzima, na hewa ya chumvi inakula vyuma vya pompi. Kwetu mwezi wa sita na wa saba usiku kuna baridi, maji yanapoa, na kijani inakawia kuota. Tunazoea kutia dawa kidogo. Kiisha mwezi wa tisa na wa kumi joto linafika mara moja, vumbi nalo linaanguka, na mutunzaji aliyeendelea na kipimo cha mwezi wa saba anakuta maji yamegeuka.

Dawa ya jua ni mbili. Ya kwanza haina bei: tia klori jioni, jua likishashuka, ili ifanye kazi usiku kucha. Ya pili ni asidi ya sianuriki, inayoitwa «stabiliza». Inafunika klori kama kofia. Kipimo chake ni miligramu 30 mupaka 50 kwa litri. Lakini haiishi upesi kama klori, na ikizidi sana inafunga klori, haifanye kazi vizuri. Basi hapo ni kutoa sehemu ya maji na kutia mengine. Tena, vidonge vingi vya klori vina stabiliza tayari ndani yao. Hii nayo imeandikwa ku etiketi.

4. pH, MULANGO WA KLORI

Tulijifunza kwamba pH 7 ni katikati, chini ni asidi, juu ni besi. Katika pisini tunatafuta 7,2 mupaka 7,6. Sababu yake ni hii: klori yenye nguvu ni asidi ya hipoklorosi, HClO. Kwa pH 7,5 karibu nusu ya klori huru iko katika umbo hili. Kwa pH 8 inabaki karibu robo. Ni kusema mutu anaweza kutia klori ile ile, kwa bei ile ile, na kupata nusu ya kazi. Na hipokloriti yenyewe inapandisha pH pole pole. Kwa hiyo pima pH kwanza, urekebishe, ndipo utie klori.

5. FILITRI, UMEME NA MAJI YANAYOPOTEA

Klori inaua, filitri inachuja. Filitri nyingi ni za muchanga. Manometa ikionyesha nguvu imepanda, muchanga umejaa uchafu. Tunageuza njia ya maji ili kuuosha. Kuhusu saa za pompi kuna kanuni nyepesi: gawanya joto la maji kwa mbili. Maji ya digri 28, pompi itembee karibu saa 14. Lakini hapa umeme unakatika. Basi, umeme ukirudi, pompi ianze mara moja. Na usipokuwepo, yeyusha klori katika ndoo ya maji, mwanga pembeni pote, na koroga kwa brosi ndefu. Toa majani na wavu kila siku, mbele hayajaoza.

Tena angalia kimo cha maji. Jua likiondoa milimita 5 kwa siku katika pisini yetu ya 8 × 4, ni litri 160, bidoni 8 kila siku. Wanaochota maji kwa kichwa wanajua uzito wa hesabu hiyo. Kama maji yanapungua kupita kiasi, weka ndoo yenye maji ku ngazi ya pisini, andika alama ndani na inje, pompi ikiwa imezimwa, na ungoje siku moja. Yakipungua sawasawa, ni jua. Pisini ikipungua kuliko ndoo, kuna pahali panapovuja.

6. KIJANI NA SHABA

Kijani ni mimea midogo sana. Watu wengine wanaiua na sulfati ya shaba. Sisi watu wa Katanga tunaijua shaba, tena tunajua malakiti na rangi yake. Ndiyo, shaba inaua mimea ile. Lakini ikizidi inaacha madoa ku kuta, na inageuza nywele za rangi nyeupe kuwa kijani. Watu wanasingizia klori, kumbe ni shaba. Na shaba haishiki nafasi ya klori kwa kuua vijidudu. Dawa ya kwanza ya kijani ni brosi, pH sawa, klori ya kutosha jioni, na filitri.

7. HAPANA KUCHANGANYA!

Hapa turudi kwa mujomba. Angalieni:

Ca(ClO)₂ + 4 HCl → CaCl₂ + 2 H₂O + 2 Cl₂

Ile Cl₂ ni gazi. Ni nzito kuliko hewa, inashuka chini na kukaa pale mutu alipoinama. Tarehe 22 aprili 1915, karibu na Ypres katika Ubelgiji, jeshi la Wajerumani lilifungua gazi hiyo hiyo juu ya adui, na watu wengi walikufa. Kwa hiyo:

– Klori na asidi visikae pamoja, visipimwe na kopo moja, visitiwe kwa saa moja.
– Tia unga ndani ya maji; usimwange maji juu ya unga.
– Usichanganye aina mbili za klori katika ndoo moja, hata zote zikiwa kavu. Zinaweza kuwaka moto.
– Vaa glavu za mupira, linda macho, simama upepo ukiwa mugongoni.
– Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi dakika 15 ao zaidi, kiisha nenda kwa muganga. Ukivuta gazi, toka upesi pahali pa hewa safi, na usingoje kukohoa kuzidi ndipo uende hospitali.

8. PISINI ILIYOACHWA

Nyumba ikikosa mwenyeji, mvua inajaza pisini, na hakuna klori. Mbu anataga mayai, na wakati wa joto juma moja ao mawili yanatosha mbu wapya kuruka. Mbu haoni mupaka wa lupango. Malaria inafika kwa majirani. Kama hakuna wa kutunza, heri kutoa maji yote ya mvua kila mara ao kufunika vizuri.

Na watoto. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu kwamba mwaka 2021 watu karibu 300.000 walikufa kwa kuzama duniani, na karibu mumoja katika wane alikuwa mutoto chini ya miaka mitano. Mutoto anazama kwa dakika chache na mara nyingi bila kelele. Pisini iwe na ukuta na mulango unaofungwa. Kisima cha lupango yetu nacho kiwe na kifuniko. Sheria ni moja.

9. NA BIDONI YA NYUMBANI?

Kolera imekwisha kuingia katika muji wetu mara nyingi. Kanuni ya pisini inafanya kazi hata katika bidoni: ujue kiasi cha maji, ujue nguvu ya dawa, ungoje. Kwa maji yanayoonekana safi, miligramu 2 za klori kwa litri, kiisha dakika 30. Bidoni ya litri 20 inataka miligramu 40. Javeli ya asilimia 1, isiyo na manukato, ina karibu miligramu 10 katika mililitri moja. Basi mililitri 4. Lakini dawa ya pisini isitiwe katika maji ya kunywa, juu inaweza kuwa na stabiliza ao dawa ya kuua kijani.

MASWALI

1. Pisini ina mita 10 kwa 5, kina cha kati mita 1,6. Tafuta gramu za unga wa asilimia 65 kwa kuongeza miligramu 2 kwa litri. (Jibu: karibu gramu 246.)
2. Kwa nini tunatia klori jioni?
3. Kwa nini harufu kali si alama ya maji safi?
4. Swali hili halina jibu katika karatasi hii. Mwisho wa juma, tafuta mutu mumoja anayeshika dawa kwa kazi yake: pisini, javeli, dawa ya shamba ao asidi ya batri. Mwombe akuonyeshe etiketi, umusomee maneno yote katika Swahili, polepole. Mwenzetu amekwisha kumusomea mujomba wake. Mujomba alisikiliza mupaka mwisho, akasema neno moja tu: «Soma tena.»