Mimba Changa: Usingoje Tumbo Lionekane

Ukiwauliza akina mama wa Handeni na Korogwe wanaanza kliniki lini, wengi watakujibu: mimba ikishika vizuri. Maana yake ni mwezi wa nne, wa tano, au hata zaidi. Wapo wanaoogopa husuda na maneno ya watu, wapo wanaokwamishwa na nauli ya bodaboda, na wapo wanaoona hakuna haja ya kupanga foleni wakati haumwi. Lakini huku kwetu miezi mitatu ya mwanzo ndiyo mama anayokuwa na kinga kidogo zaidi.

Chukua malaria. Vidonge vya SP, ambavyo mjamzito humeza kliniki kwa kujikinga, havitolewi katika wiki 12 za kwanza. Vimelea navyo havisubiri. Vinaweza kujificha kwenye kondo la nyuma na kupunguza damu ya mama na uzito wa mtoto, huku mama mwenyewe hana hata homa. Anayebeba mimba ya kwanza yumo hatarini zaidi. Halafu kuna upungufu wa damu. Watafiti waliofuatilia wanawake wa Korogwe na Handeni kuanzia mwaka 2014, kabla hawajashika mimba, walikuta zaidi ya theluthi moja tayari wana damu pungufu. Mama wa namna hiyo huianza safari akiwa na deni.

Hesabu wiki zako mapema

Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Iandike tarehe hiyo, kwa sababu nesi ataiuliza kabla ya mambo mengi. Ukikosa hedhi, matiti yakiuma, usingizi ukizidi, mate yakikujaa mdomoni au harufu ya vitunguu ikikukera, pima mkojo. Kipimo kinapatikana duka la dawa muhimu na kwenye zahanati. Mkojo wa asubuhi, wa kwanza baada ya kuamka, ndio unaotoa jibu la uhakika zaidi.

Kikionyesha mimba, nenda kliniki kabla ya wiki 12 kuisha. Si lazima utangaze mtaani, ila nesi si mtaa: mwambie.

Hudhurio la kwanza

Tenga asubuhi nzima. Utapimwa uzito, shinikizo la damu, wingi wa damu na kundi la damu, mkojo, malaria, kaswende na VVU. Kaswende na VVU vikigunduliwa mapema, matibabu yanaweza kumkinga mtoto. Mwenza akiweza kuja ni vizuri, kwa kuwa naye hupimwa. Asipokuja, usirudi nyumbani. Haki yako ya huduma haimtegemei yeye.

Usiondoke bila vitu vitatu: kadi ya kliniki, chandarua chenye dawa, na vidonge vya kuongeza damu vyenye madini chuma na foliki asidi. Taja pia ugonjwa wowote ulio nao, dawa unazotumia, na mimba zilizowahi kuharibika. Mwongozo wa sasa ni mahudhurio 8 hadi kujifungua, kwa hiyo anayeanza mwezi wa sita tayari amepoteza kadhaa.

Chandarua ndicho ngao yako kwa sasa

Kwa kuwa SP bado, lala ndani ya chandarua kila usiku, masika na kiangazi, na pindo ulichomeke chini ya godoro au mkeka. Ukipata homa, baridi, kichwa kuuma au viungo kulegea, kapime siku hiyohiyo. Usinunue dawa ya malaria kwa kukisia. Mwambie anayekuhudumia kwamba una mimba na ni ya wiki ngapi, maana ndivyo atakavyochagua dawa inayokufaa.

Hata dawa za maumivu zina mipaka. Paracetamol kwa kipimo chake haina tabu. Diclofenac na ibuprofen ziache mpaka daktari aseme. Dawa za miti shamba za kusafisha tumbo au kuimarisha mimba hazijulikani kipimo chake, basi usizinywe.

Kichefuchefu

Kwa wengi huanza karibu na wiki ya 6 na kupungua kati ya wiki ya 14 na 16. Weka kitu kikavu karibu na kitanda, kama kipande cha muhogo wa kuchemsha, kiazi au mkate, ukile kabla hujasimama. Kula kidogo mara nyingi, maana tumbo tupu huzidisha hali. Tangawizi kidogo kwenye maji ya moto huwasaidia wengi. Vidonge vya damu vikikuchafua, vimeze usiku.

Chakula, chai na udongo

Huhitaji chakula cha gharama. Dagaa, maharage, kunde, kisamvu, mchicha na matembele vinajenga damu, na yai au samaki akipatikana ni heri. Malizia mlo kwa chungwa, kwani husaidia mwili kunyonya madini chuma. Chai hufanya kinyume chake, hivyo inywe saa moja au mbili baada ya kula au kumeza vidonge. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni vidonge.

Udongo wa kula unaouzwa sokoni huzuia madini chuma kunyonywa na unaweza kuwa na mayai ya minyoo au sumu kama risasi. Hamu yake ikikusumbua, mweleze nesi, kwani mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Pombe, sigara na ugoro viache kabisa.

Kazi za nyumbani

Mimba si ugonjwa, na kutembea na kazi za kawaida hazina ubaya. Ila Handeni maji huwa mbali, na ndoo ya lita 20 kichwani mara kadhaa kwa siku ni mzigo wa kugawana. Baba, vijana wa nyumbani na wifi, hapa ndipo msaada wenu unapoonekana. Kupulizia dawa za wadudu shambani afanye mwingine.

Usilale nyumbani ukiona haya

Damu ukeni, hata kidogo. Maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, pamoja na kizunguzungu: huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Kutapika hadi maji hayakai na mkojo unakuwa kidogo na mweusi. Homa kali, kuzimia, au kuhema kwa shida. Piga 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama unaopanga usafiri wa dharura kwa wajawazito. Iandike kwenye simu ya mumeo na ya jirani pia.

Ukiivuka wiki ya 13 salama, rudi kliniki kwa dozi ya kwanza ya SP. Humezwa palepale mbele ya nesi, kisha hurudiwa kila baada ya mwezi, angalau mara tatu. Ikiwa unatumia Septrin kwa sababu ya VVU, mkumbushe, kwani dawa hizo mbili hazitumiwi pamoja. Aliyewahi kuandikishwa huifikia dozi hiyo kwa tarehe iliyomo kwenye kadi yake. Anayengoja tumbo huikuta imempita.