Mchanga jichoni

Swali: Mwanangu wa miaka minne karushiwa mchanga jichoni. Bibi yake anasema tumkamulie maziwa ya mama. Tufanyeje?

Jibu: Shikamoo zake bibi, lakini maziwa hayo yanaweza kuingiza vijidudu jichoni. Nawa mikono, mlaze ubavu, jicho lenye mchanga liwe chini, kisha mmiminie polepole maji safi ya vuguvugu kutoka upande wa pua kwenda nje. Atalia, vizuri, machozi nayo yanaosha. Asilifikiche tu, maana punje hukwaruza kioo cha jicho. Dawa ya matone iliyobaki kabatini iacheni huko huko. Akiendelea kulifumba, kukimbia mwanga, au likiamka jekundu kesho, mpeleke hospitali. Ingekuwa chokaa, mngeosha nusu saa bila kukoma, kisha hospitali moja kwa moja.