Kijivu Kisichogeuka Kijani: Maswali na Majibu kuhusu Picha Nyeusi na Nyeupe

Steshenari za Mbagala, Tandika, Sinza na Tegeta zimebeba kazi ambayo zamani ilikuwa ya studio. Kwenye meza ile ile yenye mashine ya fotokopi kuna printa ya wino wa chupa, na mteja akishamaliza picha zake za pasipoti, anayefuata anatoa kwenye bahasha picha ya babu: ndogo, nyeusi na nyeupe, kona imeliwa na mende. Anataka nakala za A4 kabla ya arobaini. Nakala zinatoka zikiwa na ukijani, na uso wa mzee umekuwa doa jeusi.

Pwani hii ina urithi mkubwa wa picha za aina hiyo. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Kijivu cha picha za enzi hiyo kilikuwa madini ya fedha ndani ya karatasi. Kijivu cha printa hujengwa kwa namna nyingine kabisa, na maswali mengi ya wenye steshenari yanaanzia hapo.

Picha haina rangi hata moja. Kijani kinatoka wapi?

Kinatoka kwenye wino wa rangi. Printa ya kawaida haina wino wa kijivu. Ina mweusi, sayani, magenta na njano. Ili kupata kijivu laini kwenye karatasi ya picha, huchanganya rangi hizo tatu za mwisho kwa vitone vidogo mno, na sayani na njano zikizidi kidogo tu, kijani kinajitokeza.

Baadhi ya printa zina sababu ya ziada. Canon PIXMA nyingi za mfululizo wa G zina mweusi wa pigimenti uliokusudiwa maandishi, na wino huo hautulii vizuri kwenye uso wa karatasi inayong'aa. Fundi akichagua karatasi ya picha, printa huuacha mweusi huo na kuunda hata weusi wenyewe kwa rangi tatu. Akidanganya kwamba ameweka karatasi ya kawaida, mweusi unamwagika na kuchafua vidole vya mteja.

Wino wa kujazia unaonunuliwa kwa bei nafuu huongeza tatizo. Hesabu za mchanganyiko ndani ya driva zimepigwa kwa wino wa kampuni iliyotengeneza printa. Wino ukibadilika, hesabu zinabaki zile zile, na kijivu kinayumba.

Basi ni lazima kununua printa ya gharama kubwa?

Kwa kazi ya maonyesho, ndiyo. Epson SureColor P700 na P900, zilizotoka mwaka 2020, zina kijivu na kijivu hafifu kama wino kamili, pamoja na mpangilio maalumu wa picha nyeusi na nyeupe unaotumia rangi nyingine kwa kiasi kidogo tu. Kwa picha ya sebuleni, printa ya wino sita kama Epson L805 au L8050 inatosha. Haina kijivu, lakini sayani hafifu na magenta hafifu hulainisha mpito kutoka mwanga hadi kivuli, na wino wake ni wa dai, unaozama ndani ya tabaka ya karatasi. Wino wa pigimenti hukaa juu, na picha ikiinamishwa kwenye mwanga, sehemu nyeusi zinaweza kung'aa kama shaba. Kwa upande mwingine, dai hufifia mapema zaidi ikipigwa na jua na hewa.

Na kwa upande wa karatasi, kwa nini semiglosi yenye mng'ao kiasi, wakati wateja wamezoea glosi inayong'aa?

Kwa sababu ya nyuso zetu. Uso wa Mtanzania mwenye ngozi nyeusi, ukipigwa picha kwa nyeusi na nyeupe, sehemu yake kubwa hukaa kwenye vijivu vya chini: shavu, kivuli cha pua, mstari wa taya. Karatasi ikishindwa kuonyesha tofauti kati ya kijivu kizito na weusi kamili, mtu anapotea.

Karatasi isiyong'aa, ile mati, kwa kawaida hufikia kina cha weusi cha takriban 1.6 kwenye kipimo cha wapiga chapa. Maana yake sehemu nyeusi kabisa bado hurudisha kama asilimia 2.5 ya mwanga. Semiglosi nzuri yenye wino unaofaa hufikia 2.3, na hapo mwanga unaorudi ni nusu ya asilimia moja. Nafasi hiyo ya ziada ndiyo anayoihitaji mwenye kuchapa uso mweusi. Glosi nayo huifikia, lakini hung'aa kama kioo. Ikitundikwa sebuleni mbele ya dirisha, mgeni anajiona yeye badala ya babu. Semiglosi yenye uzito wa gramu 250 hadi 260, ambayo uso wake una vinundu vidogo, huvunja mng'ao huo.

Mbona basi uso bado unatoka kama doa?

Mara nyingi kosa ni la skrini. Kompyuta ya dukani huwa imewashwa mwanga hadi mwisho, kwa hiyo fundi anaona picha iko sawa ilhali faili yenyewe ina giza. Apunguze mwanga wa skrini mpaka ukurasa mweupe ulingane na karatasi nyeupe iliyoshikwa kando yake.

Kisha achape ngazi ya vijivu: miraba 21, kutoka sifuri hadi mia, kila mmoja ukiongezeka kwa asilimia 5. Miraba ya 85, 90 na 95 ikishikana na ule wa mia, hakuna uso utakaopona kwenye printa hiyo mpaka vivuli vya faili viinuliwe. Ni karatasi moja inayotumika kwa jaribio, na inaokoa pakiti nzima. Ngazi hiyo hiyo inafichua ukijani pia, na ikaguliwe mlangoni, kivulini, mchana. Chini ya taa za LED kijivu kile kile kinaweza kuonekana cha waridi au cha kijani.

Picha ya zamani ina madoa ya njano. Yanatolewaje?

Iskaniwe kwa rangi, hata kama yenyewe haina rangi. Hili hupuuzwa sana. Doa la njano hunyonya mwanga wa buluu na kuuacha mwekundu upite, kwa hiyo ndani ya programu ya kuhariri, ukibakiza chaneli nyekundu peke yake, doa hufifia na mara nyingine hutoweka kabisa, bila kugusa ngozi ya mtu kwa brashi. Kuhusu ukubwa: picha ya sentimita 6 kwa 9 ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi hutoa nakala safi ya sentimita 12 kwa 18 kwa nukta 300. A4 itahitaji nukta 1,200, na hata hapo itakuza ukungu uliomo kwenye picha yenyewe. Ni vema mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa.

Masika yanaathiri vipi kazi hii?

Sana. Karatasi iliyoachwa nje ya mfuko wake kati ya Machi na Mei hunyonya unyevu, hujikunja, na kingo zake hukwaruzwa na hedi, yaani kichwa cha kuchapia cha printa. Wino wa dai nao huenea pembeni, mistari myembamba ikapoteza ukali. Pakiti ifungwe kila baada ya kutoa karatasi, na picha zisipangwe moja juu ya nyingine zikiwa mbichi. Fremu isubiri saa 24, kwa sababu vimiminika vilivyomo kwenye wino huendelea kutoka na kuweka ukungu kwenye kioo. Kioo chenyewe kisiguse uso wa picha: unyevu ukiingia, vinagandana na picha haibanduki tena. Kipande cha kadi kuzunguka picha kinatosha kuvitenganisha.

Mbali na unyevu, kuna suala la umeme. Ukikatika katikati ya kazi, hedi hubaki wazi badala ya kurudi kwenye kifuniko chake, na nozeli hukauka. Ukirudi, printa iwashwe mara moja hata kama hakuna mteja, ikaguliwe nozeli kwa kuchapa mistari ya majaribio, na jioni izimwe kwa kitufe chake kabla ya swichi ya ukutani. Kuisafisha hedi mara kwa mara si dawa: kila usafishaji humwaga wino kwenye sifongo iliyoko chini ya mashine, na ikihesabiwa kuwa imejaa, printa nyingi hugoma mpaka fundi aitwe.