Watu Hupenda Milima ya Namna Gani?

Ndugu mkulima, tazama milima ya Lake District, Uingereza. Idara ya Misitu ilipotaka kupanda misonobari kwa safu, watu wengi walilalamika, wakipenda milima ibaki wazi. Mwaka 1936 Idara ikakubali kutopanda katika maili za mraba 300. Lakini uwazi huo (wageni wengi hawajui) haukujileta. Kondoo ndio wazuiao vichaka kuota, na kuta za mawe zilijengwa na wakulima. Basi mtu akikuambia mteremko wako ubaki malisho kwa kuwa wapendeza, muulize nani atalipa kazi hiyo. Huko, mwaka 1993 serikali ilianza kuwalipa wakulima waliotengeneza kuta na kupunguza kondoo, maana kondoo wakizidi mlima huisha majani.