SOMO: Thukurui, Dawa Iliyo Uani



Ukitoka Karatina kwenda Nanyuki utaiona kando ya boma nyingi: majani manene yenye miiba pembeni, na maua mekundu yanayopendwa na ndege chozi. Kwa Kigikuyu ni thukurui, kwa Kiswahili mshubiri. Aina moja hata inaitwa kwa jina letu, Aloe nyeriensis.

Wazee waliitumiaje?
Mama akitaka kumwachisha mtoto kunyonya, alijipaka utomvu wake kwenye titi. Mtoto akionja mara moja, basi! Ndiyo maana tunasema "chungu kama shubiri". Ilipakwa pia kwenye vidonda, ikachemshwa kwa homa, na kutiwa katika maji ya kuku.

Je, yote yanafaa? Kata jani uone. Ndani mna vitu viwili.

1. Utomvu wa manjano, chini ya ganda. Huu ndio mchungu, nao huharisha sana. Mwaka 2002 Marekani iliondoa madukani dawa za kuharisha za utomvu huu, kwa kuwa usalama wake haukuthibitishwa.

2. Ute mweupe wa katikati. Huu hupoza ngozi.

Ukiungua kidogo
Kwanza mwagia maji baridi safi kwa dakika 20. Osha jani, likate, lisimamishe mpaka manjano yote yatoke. Menya, kisha paka ute. Kama umeungua pakubwa, usipake kitu, nenda hospitali.

Tuwe waangalifu
- Mama mja mzito asinywe kabisa, wala mtoto mdogo. Mimba inaweza kutoka, na mtoto ataishiwa maji mwilini.
- Umerudi kutoka Mwea na homa? Kapimwe damu siku hiyo hiyo. Malaria haingoji jani lichemke.
- Kideri cha kuku hakina dawa. Kinga yake ni chanjo, na kikundi kinaweza kuchangia chupa moja.
- Aina zote si sawa. Nyingine za porini zina sumu. Tumia ile tu unayoijua vizuri.

Tusing'oe za porini. Rais Moi alikataza biashara yake mwaka 1986, na kanuni za 2007 zinataka kibali. Panda machipukizi nyumbani. Hata ukame wa Kieni huyavumilia.

Tujadiliane
1. Cucu zetu walitumia thukurui kwa nini kingine?
2. Jirani mwenye mimba akiletewa kikombe cha thukurui, tutamwambia nini?
3. Ni nani kati yetu ataulizia chanjo ya kuku kabla ya mkutano ujao?