Somo la Mwezi: Majina ya Askari Wetu

Someni kwanza: Yoshua 4:1-9, na Yoshua bin Sira 44:1-15.



Wana wa Israeli walipovuka Yordani waliagizwa watwae mawe kumi na mawili mtoni. Siku moja watoto wangeuliza maana yake, na baba zao walitakiwa kuwajibu. Tuliangalie neno hili vizuri. Mungu hakuagiza mawe tu, aliagiza na jibu.

Katika mji mdogo wa Carnegie, jimbo la Pennsylvania, huko Marekani, kuna chumba katika ghorofa ya maktaba ambamo askari wazee walikuwa wakikutana. Walikuwa wamepigana vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865, na chumba hicho walianza kukitumia mwaka 1906. Walipokwisha kufa, mlango ukafungwa, na vitu vyao vikakaa ndani miaka ipatayo 50. Leo ni makumbusho ya vita, na wageni huona viti vyao na vitu walivyoleta kutoka vitani. Chama chao, Grand Army of the Republic, kilikuwa na desturi nzuri: matawi mengi yalitunza kitabu kikubwa, na kila mzee aliandikiwa humo habari zake, alipigana wapi, aliumizwa wapi, rafiki zake walikuwa nani. Mtu wa mwisho wa chama hicho alikufa 1956, lakini vitabu vipo.

Sasa tugeuke kwetu. Mwezi Agosti 1916 jeshi la Waingereza lilitoka Mwanza likapita Shinyanga kuelekea Tabora. Reli ya kufika Mwanza ilikuwa bado, ilikamilika 1928. Basi chakula na risasi vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Katika vita ile nzima, upande wa Waingereza peke yake, wapagazi wanaokadiriwa kufika 95,000 walikufa, wengi wao kwa njaa, kuhara na malaria, si kwa risasi. Dar es Salaam iko sanamu ya Askari, iliyosimamishwa 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, na yanaahidi kwamba majina ya waliokufa yatakumbukwa. Mkiizunguka sanamu yote hamtaona jina hata moja la mpagazi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapo babu zetu humo.

Kanisa letu halikuwa mbali na habari hizi. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikusanya wapagazi mwaka 1916 akafuatana nao bara, naye akiwa amepewa cheo cha meja. Vita ilipokwisha, mwaka 1920, aliandika kwa ukali dhidi ya Serikali yake mwenyewe kwa ajili ya kazi za kulazimishwa. Alikwisha kutembea na wabeba mizigo, hakuweza tena kuwaita hesabu.

Wako wanaosema kwamba kukumbuka vita ndani ya kanisa ni kuisifu vita. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini Sira anawataja mashujaa wenye sifa, halafu anawataja pia wale wasioachiwa kumbukumbu yoyote, kana kwamba hawakuzaliwa. Anayeandika jina la mpagazi aliyekufa kwa kuhara haisifu vita hata kidogo.

Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 iko karibu zaidi. Idi Amin alikuwa amekwisha kumwua Askofu Mkuu wetu wa Uganda, Janani Luwum, tarehe 16 Februari 1977. Waliokufa vitani wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na taifa huwakumbuka mashujaa wake kila 25 Julai. Lakini waliorudi, wanajeshi na mgambo, tunaketi nao kanisani. Kijana wa miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70. Tumeona medali ikichezewa na watoto uani, wasijue ni kitu gani. Babu yao yuko hapo hapo kivulini, na hakuna aliyemwuliza.

Parishi yetu haina ukumbi kama ule wa Carnegie, wala hatuombi fedha ya kuujenga. Tumenunua daftari kubwa. Jumapili ya pili ya Novemba litakuwa mezani baada ya ibada: jina, kijiji, mwaka wa kwenda, mwaka wa kurudi, na yale ambayo mwenyewe anapenda kusema. Asiyetaka kusema asilazimishwe, maana yako mambo ambayo mtu humwambia kasisi tu. Wajane waje pia kwa niaba ya waume zao. Vijana, kila mmoja amlete mzee wake, na kama mzee hasomi amwandikie kwa maneno yake yeye, hata akiyasema kwa Kisukuma.