Mgeni Akilewa: Mafunzo Niliyopata Pwani ya Pangani

Kijana anayetaka kutembeza wageni pwani hii siku hizi ana bahati. Kuna vyuo, kuna vyeti, kuna Kiingereza cha kujifunzia kwenye simu. Atafundishwa kwamba Mapango ya Amboni yako kilometa nane hivi kutoka Tanga mjini, kwamba Tongoni kuna magofu ya msikiti na makaburi ya Waswahili wa kale, na kwamba Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Hakuna darasa la kumwambia afanye nini mgeni wake anapolewa saa nane mchana, kisha akataka kwenda kupiga picha mlangoni mwa madrasa akiwa na chupi ya kuogelea.

Somo hilo nililisomea njiani, na ada nikailipa kwa heshima yangu. Nakuandikia wewe unayekusudia kufika mbali katika kazi hii. Najua unakusudia, la sivyo usingekuwa unapoteza muda na mzee.

1. Kijiji kikinyamaza hakijakubali

Vijana wa Kizungu walitoka ufukweni Ushongo wakaingia kijijini vifua wazi, chupa mikononi, wanaimba. Barazani wazee walisimamisha bao wakawatazama. Mmoja akaitikia "Jambo" yao kwa adabu kabisa. Hakuna aliyegomba. Nikajisemea moyoni, watu wetu wakarimu, hawana neno.

Siku chache baadaye mama aliyekuwa akiwakaangia wageni wetu maandazi akaniambia unga umekwisha. Mimi kwa akili zangu nikaenda dukani, nikamnunulia unga, nikambebea mwenyewe begani. Akaupokea, akashukuru, akaniombea dua. Kesho yake nikamkuta kakaa tu: mafuta yamekwisha. Nilikuwa nimeshageuka kwenda kutafuta mafuta ndipo nikaona watoto wake wanatafuna maandazi ya moto uani.

Wavuvi nao ghafla ngalawa zao zikawa hazina nafasi. Kijana wa kuangua madafu akawa anaumwa mguu. Hakuna hata mmoja aliyetamka neno "hatutaki".

Kwingine wenyeji hupaza sauti. Mwaka 2023 jiji la Amsterdam lilianzisha kampeni ya kuwaambia vijana wa Kiingereza wanaofuata ulevi kwamba wasije. Julai 2024, Barcelona, waandamanaji waliwarushia watalii maji kwa bastola za watoto. Kwetu hutasikia kitu cha namna hiyo. Kwetu mafuta yanakwisha, na mgeni anarudi kwao akisimulia jinsi watu wa pwani walivyo wapole. Yeye hana pa kujulia. Wewe uliyezaliwa hapa huna kisingizio: ukiona bao limesimama, jua umeshasemwa.

2. Historia unayoiuza, kuna watu wanaiishi

Mgeni wangu mmoja alipanda kizingiti cha msikiti Pangani mjini, viatu miguuni, kopo la bia mkononi. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kivuli. Nikacheka, maana alikuwa mcheshi na bakshishi yake ya jana ilikuwa nono.

Mzee aliyetoka ndani hakucheka. Alimshika mgeni mkono taratibu, kama anavyoshikwa mgonjwa, akamshusha hadi barabarani. Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, historia ya Pangani umeisoma, au unaiuza tu?"

Swali lilinichoma kwa sababu asubuhi ile ile nilikuwa nimeiuza. Nilimweleza mgeni jinsi Emil von Zelewski, wakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alivyokuja hapa Agosti 1888 na kung'ang'ania kupandisha bendera ya kampuni bila kumjali liwali wa Sultani wa Zanzibar. Nilimweleza jinsi watu walivyochachamaa, Abushiri akawaongoza, na moto ukasambaa pwani nzima hadi Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi. Nikamweleza hata kwamba Zelewski huyo alikuja kuuawa na Wahehe, Lugalo, mwaka 1891, kwa kuwa wageni hupenda kujua mwisho wa mtu mbaya.

Kipande nilichokiruka ni kile cha Wajerumani kuingia msikitini na mbwa. Nilikiruka kwa kuogopa kumkwaza mgeni aliyekuwa likizo. Kwa hiyo alipopanda kile kizingiti alikuwa hajui kitu, na aliyemnyima kujua ni mimi niliyelipwa nimweleze.

Sisemi kijana yule wa kopo la bia ni Zelewski. Lakini barazani kuna watu waliokisikia kisa hicho kwa babu zao, na macho wanayomtazamia mgeni mlangoni mwa msikiti si macho ya leo peke yake. Siku hizi naanza na mbwa. Hakuna mgeni aliyewahi kukasirika. Wengi huvua viatu hata tunapopita nje.

3. Baharini nahodha ndiye mwenye neno

Kisiwa cha Maziwe, hifadhi tangu 1975, kilikuwa na miti ambayo wazee wetu waliiona kwa macho. Leo ni fungu la mchanga, na maji yakijaa linazama lote. Kwa hiyo safari ya Maziwe hupangwa na maji. Haipangwi na hoteli wala mgeni. Siku za bamvua bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na ikishaanza kupanda haina mazungumzo.

Tulikwenda na kundi lililobeba kasha la barafu limejaa bia. Mapema nahodha alilitazama lile kasha, akanitazama mimi, nami nikajifanya napanga miwani ya kuzamia. Saa ya kuondoka ilipofika akasema tuondoke. Wageni wakaomba nusu saa. Nami nikamwambia nahodha: nusu saa tu, mzee, wamelipa.

Hakubishana. Alipanda botini, akang'oa nanga, akasogea pembeni kidogo, akakaa akawa anatutazama. Maji yakafika vifundoni, wageni wakashangilia. Yakafika magotini, kasha likaelea, wakalipiga picha. Yalipofika kiunoni ndipo mmoja wao akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyelevuka ghafla, kama mpango ndio huu.

Nahodha alikuja kutuokota mmoja mmoja. Hakuna aliyedhurika, ila mimi niliyekuwa wa mwisho kuingia nilivutwa kwa ukosi wa fulana mbele ya wateja. Tulipofika nchi kavu akaniambia: "Nikitoa amri, wewe unawafikishia ombi." Hakusema zaidi, na kwa muda mrefu hakunichukua tena katika boti yake.

Nilikuwa nataka kupendwa, na mtu anayetaka kupendwa na wageni hafai kupewa roho zao. Tangu hapo bia zinabaki nchi kavu hadi turudi. Wageni wanaonuna hununa mpaka wamwone kasa wa kwanza, basi.

4. Aliyelewesha husemwa kuliko aliyelewa

Mnazi unaogemwa alfajiri na kunywewa mapema ni mtamu, hata mtu asiyekunywa anaweza kudanganyika. Ule ule ukikaa unaendelea kuchachuka wenyewe kwenye kibuyu, na jioni ni kitu kingine kabisa. Haya nilikuwa nayajua tangu utoto. Hata hivyo nilimpeleka mgeni wa kike kwa mgema saa kumi jioni, juani, nikamhakikishia kuwa ni maji ya mnazi tu, kinywaji cha asili, hata bibi yangu anakunywa. Marehemu bibi yangu hakuwahi kuonja.

Dada yule aliinuka vizuri, akatembea vizuri, akafika njia panda akakaa chini, akalala.

Nilikimbia kutafuta bodaboda. Niliporudi nilikuta wanawake wa nyumba ya jirani wameshamwingiza ukumbini kwao, wamemfunika kanga, wamewafukuza watoto waliokuwa wakichungulia, na mmoja amekaa kichwani pake na kikombe cha maji. Simu yake, mkoba wake na kofia yake vilikuwa vimepangwa mkekani. Walikaa naye hadi usiku. Alipozinduka walimpa uji, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Mimi niliulizwa. Nilisimama uani nikanyeshewa maneno na wanawake wa rika la mama yangu, na jirani wa tatu alikuja kusikiliza akiwa na kigoda. Nilichostaajabia ni kwamba mlevi alihurumiwa kama msafiri yeyote aliyepatwa na dhiki, wakati dhambi yote ilikuwa juu yangu mimi mwenye akili timamu. Nilidhani ningeonewa huruma kwa kubebeshwa mzigo. Kumbe mzigo nilikuwa mimi.

Na kama mnazi ulinifikisha hapo, gongo usiliguse kabisa na mgeni. Ni haramu kisheria, na hakuna anayejua kilichomo ndani ya chupa ile hadi mtu apofuke. Serikali ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali Machi 2017 baadhi yetu tulilalamika kwamba biashara itakufa. Biashara ipo.

5. Bei nayo ni hukumu

Somo hili fupi, maana linaniaibisha. Mgeni aliyetukana kwenye foleni ya pantoni alinunua samaki mmoja siku hiyo kwa bei ya watatu, na kila aliyesimama pale alijua kwa nini. Mimi nilinyamaza kwa sababu sehemu ya nyongeza ilinirudia jioni, imekunjwa vizuri mkononi. Niliona ni haki. Mgeni aliyefuata alikuwa mama mzima mwenye adabu zake, na akatajiwa bei ile ile. Soko halikumbuki nani alitukana, linakumbuka tu kwamba imewezekana.

6. Aliyesema alisikilizwa

Wageni wetu wengi huja wakitoka ng'ambo, Nungwi na Kendwa kule Unguja, ambako sherehe za mwezi mpevu ufukweni zina jina dunia nzima. Wakivuka bahari wanadhani pwani yote ni moja. Ukweli ni kwamba Unguja yenyewe ina mipaka mikali kuliko wanavyoambiwa. Mwezi wa Ramadhani baa hufungwa, pombe ikabaki ndani ya hoteli za kitalii. Wala usidhani bia huko ni jambo dogo: leseni za waagizaji zilipokwama mwanzoni mwa 2024, uhaba wake ulikuwa habari hadi Ulaya, na waziri wa utalii, Simai Mohammed Said, alijiuzulu Januari hiyo. Kwetu bara hakuna sheria ya namna hiyo. Kuna midomo ya watu tu, na midomo yetu, kama nilivyosema, hufungwa.

Ramadhani moja wageni walikaa mchangani karibu na njia ya kisimani, wanakunywa na kupiga muziki, jua linakaribia kuzama. Watu wanapita na ndoo, wanatazama chini. Mimi nilikuwa nimejificha jikoni hotelini, nasugua sufuria isiyo yangu.

Bibi mmoja aliyekuwa akipita alitua ndoo yake. Akawaendea, akakaa mchangani nao, akazungumza kwa Kiswahili kitupu huku akionyesha jua, akionyesha tumbo lake, akionyesha chupa, akionyesha nyumba za kijiji. Mkono wake uliposhuka mara ya mwisho muziki ulikuwa umezimwa. Mmoja wao alikuja jikoni mbio, uso mwekundu, akaniuliza: "Kwa nini hukutuambia?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewaza miaka yote kwamba nikisema watakasirika, wataandika mabaya, hawatarudi. Wale walimchukulia yule bibi ndoo hadi kwake. Usiku walitumiwa futari: tambi, mihogo ya nazi na tende. Safari iliyofuata mmoja alirudi na wazazi wake.

7. Sema mapema, mgeni angali na akili

Mtu akishalewa hutamfundisha adabu, utamsimamia tu asianguke. Maneno yangu huwa ya jioni ya kwanza, kabla bia haijafunguliwa, na huchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nawaonyesha wapi pa kunywea na wapi si pa kunywea. Nawaambia kijijini tunavaa, msikitini tunavua viatu, botini ni maji tu. Nawaambia mtu wa hapa akinyamaza waniulize mimi. Mwisho nawaambia kwamba walevi wetu wenyewe nao wapo, na kwamba Pasaka wakiona gari limetoka Arusha au Dar limepaki ufukweni milango wazi, muziki juu, wasidhani hiyo ndiyo desturi. Hotuba hii hii na wale wataipata. Na wameipata, ingawa Mtanzania mwenzako akilewa kumwambia avae shati ni kazi ngumu zaidi, maana ataanza kwa kukuuliza kama unamjua yeye ni nani.

Wageni wa nje huuliza maswali ya maana: je, picha? je, mkono wa kushoto? je, wakipewa chai wakatae? Kisha mmoja, kwa sauti ya chini akidhani nimemaliza kuwakataza kila kitu, huuliza kama hotelini kuna bia baridi. Ipo, namwambia, na glasi zipo, kaa hapa upande wa bahari nikuletee.